Akiba ya kanisa iko benki, malori ya madini yanapita shuleni: tuiondoe?

Mama mmoja wa Lubumbashi ameniandikia hivi: "Shalom, mtaalamu. Mimi ni mama wa Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisa, na mtunza hazina wa kanisa letu la Metodisti, huku pembeni ya mji, komine Annexe. Tumekusanya dola elfu arobaini hivi za kujenga kanisa jipya, ziko benki mjini. Malori ya madini yanapita mbele ya shule yetu mchana na usiku bila kufunikwa, na watoto wanakohoa. Wafanyakazi wa kampuni ile wanalipwa kwenye benki hiyohiyo yetu. Vijana wanasema tuondoe pesa yote Jumatatu. Pasta anasema benki haina dhambi, na pesa ya Mungu haiingizwi katika siasa. Je, kuna mahali waumini walidai haki kwa pesa yao ya benki, ikafaa? Na sisi tufanye nini?"

Mama, salamu, na pole kwa vumbi. Jumatatu msiondoe kitu. Lakini Jumatatu hiyohiyo anzeni kuandaa barua. Pesa yenu ina nguvu, na nguvu hiyo inafanya kazi zaidi mkiwa bado wateja wanaouliza maswali kuliko mkiondoka kimya. Tena, wanaopaswa kuulizwa habari zao huenda si wale mnaowafikiria.

Kwanza ujue ninyi ni nani mbele ya benki, maana hapo watu wengi wa kanisa wanajidharau. Mwenye akaunti hana hisa, na hapigi kura katika mkutano wa wenye mali. Yeye ni mdai. Siku mlipoweka zile dola, benki iliwakopa ninyi, na sasa inazizungusha: leo ziko kwa mfanyabiashara wa Kasumbalesa mpakani, kesho kwa mwenye kituo cha mafuta au mwenye malori. Hapa Kongo benki zinaishi hasa kwa amana za wateja. Sehemu kubwa ya amana hizo ni dola, na nyingi zinaweza kuondolewa saa yoyote, kwa hiyo mteja ambaye pesa yake inatulia anapendwa sana. Nilifanya kazi upande wa mikopo mjini hapa, na nimewaona wakuu wa matawi mwezi wa 12 wakiwapigia simu wateja, kuwaomba wasitoe fedha kabla ya tarehe 31, hesabu za mwisho wa mwaka zisije zikaonekana dhaifu. Makanisa yalikuwamo katika orodha ya simu hizo.

Dola elfu arobaini peke yake haimkoseshi mkurugenzi usingizi. Ila hakuna benki inayoitazama akaunti ya kanisa moja kana kwamba imekaa peke yake. Nyuma yenu kuna shule za Metodisti, vituo vya afya, walimu na wauguzi wenye akaunti zao, na ofisi ya Askofu. Pembeni yenu wapo Wakatoliki na hazina ya jimbo lao, Wakimbangu, makanisa ya uamsho, na ndugu zetu Waislamu ambao suala la pesa kulala katika biashara isiyo halali si geni kwao hata kidogo. Msipohesabu jumla hiyo ninyi wenyewe, jueni benki imeshaihesabu.

Umeuliza kama kuna mahali ilifaa. Habari mojawapo ni ya kanisa lako mwenyewe. Machi 1960, huko Sharpeville, polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi na kuwaua watu 69 waliokuwa wakipinga sheria ya vitambulisho. Wenye mitaji wakaanza kuikimbia nchi ile. Lakini kundi la benki 10 za Marekani, zikiwamo Chase Manhattan na First National City, liliendelea kuipa serikali ya makaburu mkopo wa dola milioni 40 uliokuwa ukifanywa upya kila ulipokwisha muda. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na A. Philip Randolph, kiongozi mkongwe wa wafanyakazi weusi wa Marekani, ilianza kuwaomba watu na makanisa wafunge akaunti zao katika benki hizo. Mwaka 1968 Bodi ya Misheni ya Kanisa la Metodisti ikaondoa mali yake ya dola milioni 10 iliyokuwa chini ya First National City. Ni bodi hiyohiyo iliyokuwa ikiwatuma wamisionari wa Metodisti hapa Katanga. Mwaka uliofuata, 1969, mkopo ule ukakoma. Mwonyeshe Pasta habari hiyo, kwa heshima yote.

Lakini sitaki vijana wadhani kwamba ukifunga akaunti asubuhi, dhuluma inaanguka jioni. Makaburu walipata mikopo kwa njia nyingine, na utawala wao uliishi zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliamua mwaka 1972 kwamba haitaweka pesa yake katika benki zinazofanya biashara na utawala ule. Likaandika, likakutana na wenye benki, likapewa majibu ya kuzungushwa, na mwaka 1981 ndipo likakata uhusiano na benki 3 kubwa za Ulaya, 2 za Uswisi na moja ya Ujerumani. Miaka 9, Mama! Kisha mwaka 1985 Chase Manhattan ikakataa kurefusha mikopo yake ya muda mfupi kwa Afrika Kusini, benki nyingine zikafuata, na Septemba 1 serikali ile ikatangaza kwamba imesimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Barclays ikaondoka nchini humo mwaka 1986.

Nani alifanya hivyo? Vitongoji vilikuwa vinawaka, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Julai, na randi, fedha ya nchi ile, ilikuwa inaporomoka. Benki ziliogopa hasara. Makanisa peke yake yasingeweza. Walichokifanya waumini kwa miaka 20 ni kuufanya mkopo ule kuwa aibu ambayo kila benki ililazimika kuieleza kwa wateja wake, kwa wafanyakazi wake, kwa watoto wa wakurugenzi nyumbani. Hofu ya hasara ilipokuja, hapakuwa na aliyetaka kubaki nyuma kuitetea. Mimi nimeyatazama mambo haya kutoka ndani ya benki, na nakuhakikishia ndivyo yanavyokwenda: aibu peke yake benki huvumilia, hasara peke yake hutafutiwa dawa, lakini zikikutana faili hufungwa.

Kuna na upande wa pili, nao naupenda zaidi. Usiku wa Aprili 3, 1968, mjini Memphis, katika hotuba yake ya mwisho kabla ya kuuawa kesho yake, Martin Luther King aliwaomba watu watoe pesa zao katika benki za katikati ya mji na kuziweka Tri-State, benki ya weusi wa mji huo. Hakusema ondoeni tu. Aliwaambia pa kuzipeleka, ili pesa hiyo imkopeshe jirani ambaye benki kubwa ilimfungia mlango. Mkisahau upande huo, mtabaki na dola ndani ya sanduku la kanisa na zamu mmoja, yaani mlinzi, asiyelala.

Sasa tuje kwa malori yenu. Migodi mikubwa ya mikoa yetu ya Haut-Katanga na Lualaba haipati mitaji yake katika tawi la benki mjini hapa. Inaletewa na kampuni mama, na benki za China na za kwingineko nje, na wanunuzi wanaolipia shaba na kobalti kabla haijachimbwa. Benki yenu inapitisha mishahara na kubadilisha fedha. Mkiiandikia "acheni kuukopesha mgodi", itawajibu kwa moyo mweupe kwamba haijawahi kuukopesha, na barua yenu itakuwa imekwisha.

Lakini yale malori ni ya nani? Sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017 inataka kazi ambazo mgodi unawapa wengine kuzifanya, kama usafiri, ulinzi, chakula na ujenzi, zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa uko mikononi mwa Wakongomani. Sasa kampuni hizo ndizo zinazokopa hapa mjini. Zinanunua malori kwa mkopo, zinaomba kutoa zaidi ya salio lao ili kulipia mafuta, zinachukua pesa mapema juu ya fakitire, yaani ankara, ambazo mgodi haujalipa. Benki inashika karatasi za lori kama rehani. Benki inayoshika karatasi za lori inaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba mzigo ufunikwe kwa turubai, mwendo upunguzwe mbele ya shule, na saa za watoto kuingia na kutoka zisiwe saa za msafara. Turubai ni kitu kidogo sana ndani ya mkopo wa kununua lori. Hapo ndipo dola zenu zinapogusa barabara yenu.

Kwa hiyo kabla ya barua, kusanyeni habari. Mwalimu mmoja asimame ndani ya lango la shule, wala asitoke barabarani kubishana na madereva, aandike kwa wiki mbili jina lililochorwa kwenye mlango wa lori, saa, na kama limefunikwa. Mkuu wa shule atoe hesabu ya watoto waliokosa masomo kwa ugonjwa. Muuguzi wa kituo cha afya atoe hesabu ya waliokuja kwa kikohozi, bila majina ya watoto. Picha ya dawati lililofutwa asubuhi na lilivyo saa 6 mchana inatosha kuwanyamazisha watu wengi mezani.

Katika barua msiulize "je, fulani ni mteja wenu?" Siri ya benki inamzuia mkurugenzi kujibu, naye atafurahi kujificha hapo. Ulizeni juu ya taratibu za benki yenyewe, ambazo hana sababu ya kuzificha. Mimi ningeandika hivi: "Sisi ni wateja wa tawi lenu kwa miaka mingi. Tunaomba mtueleze: kabla ya kumkopesha msafirishaji wa madini, mnadai nini kuhusu kufunika mzigo na kupita karibu na shule? Nani katika benki yenu anapokea malalamiko ya watu wanaoumizwa na kazi iliyokopeshwa na benki? Katika kila dola 100 mnazokopesha mkoani, ni ngapi zinakwenda kwa wakulima na wachuuzi wadogo?" Ambatisheni zile hesabu za shule na kituo cha afya. Ombeni mkutano, si maandishi peke yake.

Iandikeni kwa Kifaransa, itiwe saini na kamati yote ya fedha pamoja na Pasta, na nakala iende makao makuu Kinshasa. Mnapoipeleka, mrudi na nakala yenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya katibu. Bila muhuri huo, mwezi ujao mtaambiwa barua haikuonekana. Wapeni siku 60. Hasira ya vijana naielewa, ila afisa wa benki anaweza kuichelewesha hasira hadi ipoe. Karatasi yenye tarehe inamsumbua zaidi, maana mkaguzi ataikuta kwenye faili.

Wakinyamaza, kuna milango ya juu. Hukutaja jina la benki, na ulifanya vema, lakini baadhi ya benki zetu sasa zina mama yao Nairobi: BCDC iliingia mikononi mwa Equity mwaka 2020, na TMB, iliyozaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 2004, ilinunuliwa sehemu kubwa na KCB mwaka 2022. Makundi yote mawili yanauza hisa zao katika soko la Nairobi na hutoa taarifa kila mwaka juu ya mazingira na jamii. KCB ilitia saini kanuni za Umoja wa Mataifa za benki zinazowajibika tangu zilipozinduliwa mwaka 2019. Barua ya wateja wa Lubumbashi inayonukuu ahadi ya makao makuu haitupwi kirahisi. Na kama benki yenu imekopa kwa IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, imekubali orodha ya kazi ambazo fedha hiyo haiwezi kugusa, ajira ya watoto yenye madhara ikiwamo, na IFC ina ofisi huru ya kupokea malalamiko ya wananchi.

Msiende peke yenu. Parokia ya jirani, msikiti wa jirani, kanisa la uamsho la mtaa wa nyuma, wote watoto wao wanapita barabara ileile. Barua moja yenye mihuri minne ya jumuiya mbalimbali ina uzito kuliko barua nne. Pia inamwondolea Pasta wenu hofu ya kuonekana yeye ndiye anayepigana na mtu fulani mkubwa.

Kuhusu hofu yake ya siasa, nataka kusema wazi. Manabii waliolaani mizani ya udanganyifu hawakuwa wakigombea viti. Pesa iliyoko benki inafanya kazi fulani usiku na mchana, mpende msipende, na kuuliza inafanya kazi gani ni sehemu ya utunzaji mwema wa sadaka. Ila Pasta ana haki katika jambo moja: pesa ile ilitolewa kwa ajili ya kujenga. Si ya kamati, wala si ya vijana. Hatua yoyote ya kuihamisha ipitie mkutano wa kanisa, na kumbuka kwamba mara nyingi akaunti ya kanisa la mtaa imefunguliwa chini ya hati ya kisheria ya jumuiya nzima, kwa hiyo ofisi ya juu inabidi ikubali. Na kabla ya kumnyooshea mtu kidole, angalieni nyumba yenu. Je, kanisa lilipokea saruji au mabati kutoka kampuni ileile? Zamu wenu analipwa kwa wakati? Hayo yataulizwa mbele ya watu, bora myajibu wenyewe mapema.

Siku 60 zikipita bila jibu la maana, au likija jibu la dharau, hapo hameni, lakini kwa mpango. Mwaka 2016 benki ya BIAC iliishiwa fedha taslimu, na wateja wake wakapangiwa kiwango kidogo cha kutoa huku wakipanga foleni. Wengi walioumia walikuwa watumishi na wachuuzi wa kawaida. Kwa hiyo mtu yeyote asisimame madhabahuni kusema benki fulani inaanguka. Semeni mnahama kwa sababu ya vumbi shuleni, basi. Na ndugu zetu wa Goma, mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, walikuta milango ya benki imefungwa na akiba yao iko ndani. Usiweke fedha yote ya ujenzi mahali pamoja, wala yote katika akaunti ya muda maalumu, kama fundi anahitaji kulipwa mwakani.

Benki nyingine mtakayokwenda iulizeni maswali yaleyale kabla ya kufungua akaunti. Huo ndio wakati benki inajibu upesi kuliko wakati wowote. Kama mnafikiria ushirika wa akiba na mikopo, dai kuona kibali cha Banki Kuu ya Kongo, hesabu za mwaka uliopita, na sehemu ya mikopo iliyochelewa kulipwa zaidi ya siku 30. Ikipita 5 kwa kila 100, anza kuuliza kwa nini. Ikifika 10, tafuta pengine. Usikubali kupewa jibu la mdomo eti "sisi ni watu wa Mungu".

Na kuna jambo hukuliuliza, lakini linanikaa moyoni. Katika Kipendano chenu bila shaka wamo mama wanaokopa kwa Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, na mwezi ukiisha wanarudisha pesa na nusu yake juu, huku dola za kanisa zimelala benki zikizaa faida ndogo sana. Kuna taasisi za mikopo midogo zinazokubali amana ya kanisa iwe dhamana ya mikopo ya wanachama wake, kwa riba ya kueleweka. Mama muuza unga akishindwa kulipa, dhamana inaliwa, kwa hiyo tumieni tu sehemu ambayo mkutano wa kanisa umekubali waziwazi kwamba inaweza kupotea. Elfu 2 kati ya 40 zinatosha kuanza, na mama wanaojuana tangu likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, wanalipana vizuri kuliko wageni.

Dai na kwa mgodi wenyewe, kwa njia yake. Sheria ya migodi ya 2018 inauwajibisha kutenga 0.3 kwa kila 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka, kuwa na daftari la majukumu, lile tunaloliita cahier des charges, na asilimia 15 ya mrabaha, yale malipo mgodi unayotoa kwa serikali juu ya madini, inakwenda moja kwa moja kwa serikali za mitaa za mahali mgodi ulipo. Nendeni komine muulize daftari hilo linasema nini juu ya barabara yenu, na kama kumwagia maji kumeandikwa. Tume ya Haki na Amani ya Wakatoliki mjini ina watu waliozoea kuyasoma makaratasi hayo. Ombeni msaada wao.

Ukishapata orodha ya mwalimu ya wiki mbili, niandikie majina ya wasafirishaji yanayojirudia, usiyatangaze kwanza popote, tuangalie pamoja ni yupi wa kutajwa kwenye mkutano na benki na ni yupi wa kufuatwa nyumbani kwake na wazee wa kanisa. Baadhi yao, usishangae, watakuwa waumini.